Kutafsiri nyimbo kwa viziwi: mikono inaimba, lakini kamera iko wapi?

Tarehe 12 mwezi wa pili mwaka 2023, Rihanna aliimba wakati wa mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mjini Glendale katika jimbo la Arizona. Siku zilizofuata, kwenye intaneti watu walimzungumzia pia binti mwingine: Justina Miles, mwenye miaka 20, aliyetafsiri nyimbo hizo kwa lugha ya alama huku akicheza kwa mwili wote. Miles ni kiziwi. Ndiye mwanamke kiziwi wa kwanza kufanya kazi hiyo kwenye mapumziko ya Super Bowl.

Wengine walijiuliza: kiziwi anatafsiri wimbo namna gani? Kwa matayarisho. Mtafsiri kiziwi anapewa mapema orodha ya nyimbo na maneno yake, anatafuta maana, kisha anashika yote kichwani. Siku ya tamasha, mara nyingi mtafsiri mwenzake anayesikia anasimama mbele yake na kumwonyesha wapi wimbo umefika. Mapigo mazito ya besi, yeye mwenyewe anaweza kuyapata katika miguu na kifua.

Kazi hii si sawa na kutafsiri habari za televisheni. Lugha ya alama ina sarufi yake, haifuati maneno ya mwimbaji moja moja. Uso unaonyesha hasira au huzuni, mabega yanabeba mapigo, na ukubwa wa alama unaonyesha sauti inapopanda ao kushuka.

Tufikirie sasa rumba yetu. Mwanamuziki anarusha majina ya matajiri na marafiki, yale tunayoita mabanga. Mtu asiye na jina la alama, jina lake linaandikwa kwa vidole, herufi moja baada ya ingine, na kabla mtafsiri hajamaliza, majina mengine matatu yamekwisha kupita. Kuna mafumbo: mtafsiri asipojua nani anasemwa, atatoa maneno na kuacha sumu yake. Halafu inaingia seben. Gitaa linakimbia, atalaku anapiga kelele, maneno ni machache. Mtafsiri akishusha mikono, kiziwi atazani wimbo umekwisha. Hapo anapaswa kuonyesha gitaa na ngoma kwa mwili wake.

Viziwi wa kwetu wana undugu na alama za Marekani. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11, alifungua shule yake ya kwanza ya viziwi Afrika huko Ghana mwaka 1957. Baadaye alianzisha zaidi ya shule 30 katika inchi 13, Kongo ikiwa ndani. Alifundisha kwa alama za Marekani, na kutoka hapo alama nyingi zilienea katika inchi za Afrika zinazosema Kifaransa, zikachanganyika na zile za wenyeji. Foster alikufa tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1987 katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, ngambo ya Goma.

Lakini mtafsiri mzuri hafai kitu kama kiziwi hamuoni. Mwaka 2022, warapa wawili viziwi, Sean Forbes na Warren Snipe, walitafsiri muziki wa mapumziko ya Super Bowl. Picha kuu ya televisheni haikubaki kwao. Aliyetaka kuwafuata alipaswa kuwatafuta kwenye intaneti. Watu wenye kusikia wanaweza kufurahia kipande cha video cha sekunde 30 na kusema mtafsiri anacheza vizuri. Kiziwi anauliza jambo lingine: je, nimeelewa wimbo, tangu mwanzo mpaka mwisho?

Huko Uingereza, mwaka 2017, akina mama viziwi waliopeleka watoto wao kwenye tamasha la kundi Little Mix walipewa mtafsiri wa kundi hilo peke yake. Wanamuziki waliotangulia hawakutafsiriwa. Wamama hao walienda mahakamani, wakashinda.

Kongo iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 30 kinazungumzia haki ya kushiriki katika utamaduni na kinataja lugha za alama. Mwezi wa tano mwaka 2022, inchi yetu ilitangaza pia sheria yake ya kulinda watu hao.

Katika majimbo yetu, jambo hili linapita furaha ya kucheza. Nyimbo zinatumiwa kuomba amani, kueleza chanjo, kuonya juu ya magonjwa. Kiziwi anayesimama katikati ya watu wanaoimba anaona midomo ikifunguka na mikono ikipanda juu, lakini ujumbe unampita.

Wenye kutayarisha matamasha wanaweza kuanza na mambo matatu: kumpa mtafsiri maneno ya nyimbo siku kadhaa mbele, kumuweka mahali penye mwangaza karibu na mwimbaji, na kuacha kamera moja kwake mpaka wimbo wa mwisho. Na kabla ya kumchagua, waulize viziwi wa mji wao ni nani wanayemuelewa.