Maafa Yakitokea Shuleni: Nani Huwajibika, na Mzazi Ana Muda Gani?

Maafa yanapotokea shuleni, iwe ni risasi, moto au jengo kuporomoka, huacha maswali mawili. La kwanza ni la polisi: nani alifanya? La pili ni la mzazi: wale niliowakabidhi mtoto wangu walifanya nini kumlinda? Swali la kwanza hujibiwa katika kesi ya jinai, na serikali ndiyo huiendesha. La pili hujibiwa katika kesi ya madai. Hiyo hufunguliwa na mzazi au mwathiriwa mwenyewe, na sheria imeiwekea muda ambao ukipita, haki hupotea.

Makala haya yanawaeleza wakaazi wa Kisumu jinsi kesi hiyo ya pili inavyokwenda.

Kesi mbili tofauti

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuhusika na shambulio hilo. Mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha, na wawili miaka 41 kila mmoja. Hata hivyo, hukumu hiyo haikujibu swali la manusura na familia: kama tahadhari za mashambulizi dhidi ya vyuo zilikuwa zimeshatolewa, kwa nini ulinzi ulikuwa hafifu, na kwa nini kikosi maalumu kilifika saa nyingi baadaye? Baadhi yao walilipeleka swali hilo mahakamani dhidi ya serikali.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Oktoba 2017, wavamizi wenye bunduki waliingia Shule ya Sekondari ya Mseto ya Lokichogio, Turkana, na kuua watu wasiopungua sita. Maafisa walisema miongoni mwa wavamizi alikuwamo mwanafunzi aliyesimamishwa masomo. Katika tukio kama hilo, kesi ya madai haitafuti tu aliyefyatua risasi. Huuliza kama shule ilijua kuna tishio, na ilichukua hatua gani.

Nchini Marekani swali hilo limeulizwa mara nyingi. Baada ya mauaji ya watu 17 katika shule ya sekondari ya Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, bodi ya shule ilikubali mwaka 2021 kulipa familia dola milioni 25. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilikubali kulipa takriban dola milioni 127.5, kwa sababu wapelelezi wa FBI walikuwa wamepokea taarifa kuhusu kijana huyo kabla ya shambulio na hawakuzifuatilia ipasavyo.

Mahakama za Kenya zimesema nini?

Hapa kwetu, kilichoua wanafunzi wengi zaidi mabwenini ni moto. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wazazi walienda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba walistahili fidia. Walikuwa wamesubiri miaka 15.

Hukumu nyingine muhimu ilitolewa na Mahakama Kuu mwezi Mei 2015, katika kesi ya wasichana wawili wa shule moja ya msingi eneo la Nakuru waliodhulumiwa kingono na mwalimu wao. Mahakama haikuishia kwa mwalimu. Iliwawajibisha pia shule, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, na serikali, kwa kushindwa kuwalinda. Msichana mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 2 na mwenzake milioni 3. Mahakama ya Rufaa baadaye iliunga mkono uamuzi huo.

Funzo la hukumu hizi ni moja: mwalimu husimama mahali pa mzazi. Shule haiwezi kujitetea kwa kusema tu kwamba mkosaji ni mtu mwingine.

Mdai anahitaji kuthibitisha nini?

Maafa pekee hayatoshi. Mahakama huangalia mambo manne: kwamba shule ilikuwa na wajibu wa kumlinda mtoto, kwamba hatari ilijulikana au ingeweza kutabiriwa, kwamba hatua za kawaida za kuizuia hazikuchukuliwa, na kwamba madhara yalitokana na uzembe huo.

Kipimo kipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaipa bodi ya usimamizi ya shule jukumu la usalama wa wanafunzi. Nao Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni, uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, unataka milango ya bweni iwe na upana wa angalau futi tano na ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Bweni halipaswi kufungwa kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Shule iliyokiuka kanuni hizi huwa imempa mdai sehemu ya ushahidi wake.

Nani anaweza kudaiwa?

• Bodi ya usimamizi ya shule ya umma, au mmiliki wa shule ya kibinafsi.
• TSC, ikiwa kosa ni la mwalimu iliyemwajiri.
• Serikali ya kitaifa, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, kwa mambo yaliyo chini ya Wizara ya Elimu au polisi.
• Serikali ya kaunti.

Kuhusu hilo la mwisho, tuseme wazi. Chini ya Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na huduma za zimamoto, ni jukumu la kaunti. Mzazi wa mtoto wa chekechea ya umma, iwe Seme, Nyakach au Muhoroni, ana haki ya kuidai kaunti kama ambavyo angeidai taasisi nyingine yoyote.

Muda ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani

Kesi ya uzembe dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12 tangu tukio. Dhidi ya mtu binafsi au shule ya kibinafsi, muda ni miaka mitatu. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini kwa sababu chache sana. Usihesabu pia kwamba utasubiri mtoto atimize miaka 18, kwa kuwa kanuni hiyo ina masharti ambayo mtoto anayeishi na mzazi wake huenda asiyatimize. Jambo salama ni kuchukulia kwamba una mwaka mmoja.

Ikiwa mtoto ameumia, mzazi au mlezi hufungua kesi kwa niaba yake. Ikiwa amefariki, mzazi anapaswa kwanza kupata kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi ya marehemu, hata kama mtoto hakuacha mali yoyote. Kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya marehemu bila kibali hicho hutupiliwa mbali, na mwaka huendelea kuyoyoma.

Hatua za kuchukua mapema

1. Piga ripoti polisi na upate nambari ya OB.
2. Tunza stakabadhi zote: ripoti za hospitali na upasuaji wa maiti, cheti cha kifo, risiti za matibabu na mazishi, na barua ya kujiunga na shule.
3. Piga picha za mahali pa tukio, ukiruhusiwa, kabla ya ukarabati.
4. Andika majina ya mashahidi. Hifadhi ujumbe wowote wa simu au barua iliyoionya shule mapema.
5. Muone wakili. Ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na ile ya FIDA Kenya, zote mjini Kisumu, huwasaidia wasio na uwezo.

Jihadhari na madalali wanaozunguka hospitalini na matangani. Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya wakili kulipwa tu iwapo utashinda. Ukiambiwa utie sahihi karatasi ya namna hiyo, iache.

Si lazima kesi ianzie Mahakama Kuu. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na pande mbili zinaweza pia kupatanishwa chini ya usimamizi wa mahakama.

Ukishinda

Sheria hairuhusu mali ya serikali kunadiwa ili kulipa deni la kesi. Mshindi hupata cheti cha malipo, na akicheleweshewa hurudi mahakamani kuomba afisa husika alazimishwe kulipa. Hilo huchukua muda zaidi.

Usisubiri mahakama

Wavulana 21 walipofariki katika moto wa bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, mwezi Septemba 2024, Wizara ya Elimu ilikagua shule na kufunga mabweni ya shule 348 za msingi kwa kukosa kutimiza viwango. Kasoro hizo zilikuwapo kabla ya moto, na mzazi yeyote angeweza kuziulizia.

Katika mkutano ujao wa wazazi, uliza: Funguo za bweni hukaa na nani usiku? Madirisha yana vyuma? Mazoezi ya kujiokoa yalifanyika lini? Wageni huandikishwa langoni? Mwanafunzi akitoa vitisho, nani huarifiwa? Omba maswali na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, nawe ubaki na nakala. Shule ikirekebisha kasoro, mtoto amelindwa. Isiporekebisha, haitaweza kusema kwamba haikujua.

Makala haya ni ya kuelimisha umma na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.