Haioni, Haitambui, Haisomi: Istilahi za Diski Mpya

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wa maandishi ya kompyuta huyatumia bila kuyapima ni kitenzi "kutambua". Mtu amenunua diski mpya ya SSD, ameifunga katika kompyuta yake, akaiwasha, na diski haionekani popote. Kitabu cha maelezo kilichofasiriwa kitamwambia kwamba kompyuta "haikuitambua" diski. Fundi wa mtaani atasema "haisomi", kama asemavyo juu ya laini ya simu na memori kadi. Karani ataandika katika fomu ya matengenezo kwamba diski "haifanyi kazi". Kauli hizi tatu huchukuliwa kuwa ni moja. Sisi twaona si moja, na kuzichanganya kwaweza kumfanya mtu airudishe dukani diski nzima au, baya zaidi, aifute diski ya zamani yenye nyaraka zake zote.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Wapo waliopendekeza "diski yabisi", kwa kuwa shuleni tumefundishwa kwamba maada huwa yabisi, kimiminika au gesi. Pendekezo hilo lina kasoro mbili. Kwanza, tayari tunayo "diski ngumu", yaani ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Msomaji wa kawaida atauliza ngumu na yabisi vina tofauti gani, na atakuwa na haki ya kuuliza. Pili, uyabisi unaokusudiwa hapa hautokani na ugumu wa kifaa. Unatokana na historia ya elektroniki: baada ya transista kubuniwa huko Marekani mwaka 1947, umeme uliokuwa ukiongozwa ndani ya mirija ya kioo isiyo na hewa ukaanza kuongozwa ndani ya vipande vya maada yabisi. Katika SSD hakuna sahani wala kitu kinachozunguka. Mna chipu tu. Kwa hiyo hata neno "diski" limebaki kwa mazoea. Sisi tunaona heri kubaki na "diski ya SSD" kuliko kuunda jina litakalompotosha msomaji.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Kompyuta hupokea diski kwa hatua, na kila hatua ina kasoro zake na dawa zake. Lugha yetu, kwa bahati njema, inavyo vitenzi vya kutosha.

Hatua ya kwanza ni ya ubao mama. Kabla ya Windows au mfumo mwingine wowote kuamka, programu ndogo iliyomo katika ubao huo, iitwayo BIOS au UEFI, hukagua vifaa vilivyounganishwa. Mtumiaji huweza kuifungua kwa kubonyeza kitufe, aghalabu Delete au F2, mara tu awashapo mashine. Ikiwa diski haimo katika orodha hiyo, tunapendekeza isemwe kwamba kompyuta haiioni diski. Hapa aghalabu tatizo ni la mikono na nyaya. Diski ya SATA huhitaji kebo mbili, moja ya data na moja ya umeme, na mara nyingi ya pili ndiyo husahauliwa. Ile nyembamba ya M.2 huingizwa kwa kuinamishwa, ikalazwa na kufungwa kwa skrubu. Isipozama sawasawa haionekani. Tena yapo matundu ya M.2 yanayopokea diski za NVMe peke yake, na mengine ya SATA peke yake, ijapokuwa diski yenyewe yaweza kuingia vizuri kabisa. Na katika baadhi ya mbao, tundu la M.2 likitumika, mlango mmoja wa SATA huzimwa. Mfasiri wa kitabu cha ubao mama asiruke kijedwali kinachoeleza hayo, hata kikiwa kimeandikwa kwa herufi ndogo kiasi gani.

Hatua ya pili ni ya mfumo. BIOS inaiona diski, lakini mfumo hauna programu ya kuzungumza nayo. Hapa ndipo "haitambui" linapostahili. Mfano ni uwekaji wa Windows katika baadhi ya kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea: orodha ya diski huja tupu mpaka programu hiyo ya kati ipakiwe. Wengine huiita "kiendeshaji", na diski yenyewe wakaiita "kiendeshi". Sentensi "kiendeshi hakina kiendeshaji" ni sahihi kisarufi, lakini sijui nani ataielewa. Hii ni sababu nyingine ya kushikamana na "diski".

Hatua ya tatu ndiyo yenye kuleta madhara. Diski mpya ya ndani kwa kawaida huuzwa tupu, kama shamba lisilopimwa. Kwanza lifunguliwe daftari la migao, kisha mgao ukatwe, kisha mgao huo upangwe kwa mfumo wa mafaili na kupewa herufi. Kabla ya hayo diski ni nzima, inaonekana na inatambulika, ila haisomeki. Kwa kazi ya kufungua daftari wafasiri wengi hutumia "kuanzisha", neno ambalo tayari limeshikwa na kuwasha mashine. "Kuandaa diski" ni bora. Daftari lenyewe ni la aina mbili, na ile kongwe, MBR, haifiki mbali zaidi ya TB 2 hivi. Diski kubwa zaidi yahitaji GPT.

Lakini neno tunaloliogopa kuliko yote ni "safisha". Windows inacho chombo cha kuondoa mafaili ya takataka, na jina lake hufasiriwa "usafishaji wa diski". Hicho hakidhuru kitu. Inayo pia amri katika diskpart inayofuta daftari lote la migao, nayo kwa Kiingereza hutoka katika shina lilo hilo. Mfasiri akiiita "safisha", mtumishi atasafisha kwa moyo mkunjufu, na mafaili hayatafikika tena. Kuyarejesha ni kazi ya mtaalamu, wala haiwezekani sikuzote. Tunapendekeza "futa migao", na kabla yake liwekwe agizo la kuhakikisha namba na ukubwa wa diski. Hesabu ya namba huanzia 0, wala diski mpya si lazima iwe 1. Ukubwa nao uelezwe: diski iliyoandikwa GB 500 Windows itaionyesha kuwa kama GB 465, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa maelfu ya 1,000 na Windows kwa 1,024. Asiyeambiwa hayo huenda akadhani hiyo siyo diski yake, akachagua nyingine.

Wasomaji walio na neno lililo bora kuliko "kuandaa" watuletee, pamoja na sentensi ambamo wamelitumia.