Kuachwa Uzeeni: Frank Sinatra na Albamu ya 1981

Nyimbo za kuachwa ni za kale kuliko chombo chochote cha kurekodia, lakini katika Marekani ya karne ya 20 zilipata umbo jipya kuanzia mwaka 1948, kampuni ya Columbia ilipoingiza sokoni santuri ndefu, yaani ile inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika na kubeba dakika 20 au zaidi kila upande, ilhali sahani za zamani za mizunguko 78 ziliishiwa nafasi baada ya dakika tatu hivi. Dakika tatu zinatosha kusema kwamba mtu ameachwa, ila hazitoshi kueleza usiku mzima wa mtu huyo. Frank Sinatra, aliyezaliwa Hoboken, New Jersey, tarehe 12 Desemba 1915, aliliona jambo hilo mapema kuliko wengi, na katika In the Wee Small Hours ya mwaka 1955 alipanga nyimbo 16 za hali moja ya moyo, pasipo hata moja ya kumchangamsha msikilizaji. Albamu ya namna hiyo, ambayo nyimbo zake huchaguliwa na kufuatana kwa ajili ya wazo moja, huitwa albamu ya dhana.

Zilifuata Where Are You? (1957), Only the Lonely (1958) na No One Cares (1959). Katika kazi hizi mpangaji wa muziki, yaani mtu anayeamua ni ala gani ipige, ipige nini na inyamaze wapi, ana uzito unaokaribia ule wa mwimbaji mwenyewe. Nelson Riddle alimzungushia Sinatra rangi nyingi za filimbi na tarumbeta, huku Gordon Jenkins akipenda fidla nyingi zinazopanda juu kwa pamoja, muziki ambao baadhi ya wahakiki waliuona mtamu kupita kiasi. Wasimulizi wengi huzihusisha albamu hizo na ndoa yake na mwigizaji Ava Gardner, iliyofungwa mwaka 1951 na kuvunjwa rasmi mwaka 1957. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayafiki mbali, kwa kuwa Sinatra hakuwa mtunzi, na nyimbo kadhaa alizoziimba ziliandikwa kabla hajamjua mwanamke huyo. Mwenyewe aliziita nyimbo za baa: mtu yuko peke yake mbele ya kaunta, saa za kufunga zimekaribia, na anayemsikiliza ni mhudumu anayefuta glasi.

She Shot Me Down ilitoka mwaka 1981 chini ya Reprise, kampuni ambayo Sinatra aliianzisha mwaka 1960. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa Trilogy, santuri tatu kwa mpigo, ambamo kibao chake cha New York, New York kilimrudisha katika midomo ya watu. Hivyo aliyetarajia shangwe zaidi alikabidhiwa vipande tisa vya majonzi, na haishangazi kwamba albamu hii haikupata umaarufu wa ile iliyoitangulia. Mtayarishaji alikuwa Don Costa, na sehemu kubwa ya upangaji ilibebwa na Jenkins, aliyekuwa na miaka 71. Sinatra alikuwa na 65.

Umri huo ndio kiini cha sura hii. Kano za sauti, zile kunjo mbili ndogo za kooni zinazotetema hewa inapopita, hupungukiwa unyumbufu kadiri mtu anavyozeeka, misuli inayoziendesha hukonda, na mapafu hutoa pumzi fupi zaidi. Sigara na pombe, ambavyo Sinatra hakujinyima, havisaidii. Hasara hiyo ilimgusa pale alipokuwa na nguvu zaidi, kwa sababu sifa yake ya ujanani ilikuwa kuunganisha mishororo miwili mitatu bila kuonekana akivuta pumzi, ufundi aliojifunza kwa kumtazama Tommy Dorsey, mpiga tromboni aliyeongoza bendi ambayo Sinatra aliiimbia kuanzia mwaka 1940 hadi 1942. Mwaka 1981 mishororo hiyo inakatika. Badala ya kuficha mkato huo, mwimbaji anautumia: anasita kabla ya neno, anayaachia maneno ya mwisho yaangukie upande wa mazungumzo kuliko wimbo, na sauti ya chini yenye mikwaruzo inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na urefu wa pumzi.

Uteuzi wa nyimbo unaendana na sauti hiyo. Good Thing Going ilitoka katika Merrily We Roll Along, tamthilia ya muziki ya Stephen Sondheim inayosimuliwa kinyumenyume, kutoka uchungu wa ukubwani hadi matumaini ya ujana, ambayo mwaka huohuo ilifungwa Broadway baada ya maonyesho 16 tu. Monday Morning Quarterback inachukua jina lake kutoka kandanda ya Kimarekani, ambayo mechi zake kubwa huchezwa Jumapili: anayesemwa ni yule mjuaji wa Jumatatu, anayeeleza jinsi mchezaji anayeongoza mashambulizi angepaswa kucheza jana. Mswahili angesema majuto ni mjukuu, na angekuwa ameuelewa wimbo wote. Katika I Loved Her, utunzi wa Jenkins mwenyewe, zinaorodheshwa tofauti za watu wawili ambao hawakuwahi kufanana kwa lolote, na orodha hiyo ndiyo maombolezo yenyewe.

Chaguo la ajabu zaidi ni Bang Bang ya Sonny Bono, iliyoimbwa mwaka 1966 na Cher, na mwaka huohuo na Nancy, binti yake Sinatra, akisindikizwa na gitaa peke yake. Wimbo unaanzia katika mchezo wa watoto wa kupigana kwa bunduki za kuigiza na kuishia katika kuachwa ukubwani. Kwa msichana wa miaka ya ishirini, utoto huo ni wa juzi. Kwa mwanamume wa miaka 65 umepita umbali wa maisha mazima, na fidla za Jenkins, ambazo kwingineko huelemea, hapa zinaupa umbali huo nafasi yake.

Kipande cha mwisho kinaunganisha nyimbo mbili za zamani. Ya kwanza, The Gal That Got Away ya Harold Arlen na Ira Gershwin, ni ile aliyoiimba Judy Garland kwa jina la kiume katika filamu A Star Is Born, na Sinatra aliirekodi mwaka 1954. Ya pili, It Never Entered My Mind ya Rodgers na Hart, alikuwa ameshairekodi mara mbili: mwaka 1947, akiwa na miaka 31, na tena mwaka 1955, akiwa na 39. Wimbo huu ni wa mtu aliyeonywa mapema kwamba atabaki peke yake, naye hakusadiki. Katika rekodi ya kwanza onyo hilo linasikika kama jambo la kubuni, na katika ya pili kama jeraha bichi. Katika ya tatu mwimbaji hajitetei wala halalamiki, anathibitisha tu, kwa sauti ya chini, kwamba waliomwonya walisema kweli.