Rangi Inayokauka kwa Unyevu

Fundi yeyote wa vanishi anaijua hasara ya masika. Unapiga mkono wa pili kwenye kabati asubuhi, mchana mvua inashuka, jioni mlango wote umeingia ukungu mweupe. Kesho yake ni msasa upya, na mteja amekaa kwenye benchi anakutazama. Kazi hii naifanya Mtwara tangu ujana wangu. Siku niliposoma kwamba Wajapani wana rangi isiyokauka mpaka iwekwe kwenye unyevunyevu, nilijua sitatulia mpaka niielewe.

Inaitwa urushi, na ni utomvu wa mti. Chombo kikishapakwa huingizwa kwenye kabati la mbao lililolowanishwa ndani, joto likiwa nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa hewa asilimia 70 hadi 85. Vanishi yetu hukauka kwa sababu tineri inaruka. Urushi hairuki. Ndani ya utomvu kuna kimeng'enya kinachochukua oksijeni ya hewa na kuugandisha, na hewa ikiwa kavu kimeng'enya hicho hakifanyi kazi. Ikishakomaa, spiriti haiiyeyushi na asidi haiili. Adui yake ni jua.

Mwaka 1874 meli ya Kifaransa iliyoitwa Nil ilizama karibu na rasi ya Izu ikirudisha Japani vitu vilivyokwenda kwenye maonyesho makubwa ya Vienna ya 1873. Vitu vingi vilipotea. Lakini vyombo vya urushi vilivyoopolewa baadaye, vikiwa vimelala chini ya bahari zaidi ya mwaka, mng'ao wake ulikuwa bado upo. Mimi ambaye meza zangu huharibiwa na kikombe cha chai ya moto, habari hiyo niliirudia kuisoma.

Uimara huo una gharama yake, na wa kwanza kuilipa ni mti. Hungojewa miaka 10 hadi 15 kabla ya kugemwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba mgema huchanja gome kila baada ya siku chache, akikwangua matone kwa kijiko cha chuma. Msimu ukiisha, mti mmoja umetoa kama gramu 200 tu, kisha hukatwa, na kisiki kikaachwa kichipue. Urushi nyingi ya Japani yenyewe hutoka Joboji, mkoa wa Iwate, kaskazini. Nchi nzima huvuna tani 2 hivi kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 90 ya inayotumika huagizwa kutoka China. Ndiyo maana mwaka 2015 serikali yao iliagiza kwamba majengo ya urithi wa taifa yakarabatiwe kwa urushi ya nyumbani, na watu wakaanza kupanda miti tena.

Utomvu huo mbichi hubabua ngozi. Hapa mtu wa kusini anaelewa bila kuelezwa, kwa maana mti wa urushi ni ndugu wa mkorosho na mwembe. Marehemu mama yangu alikuwa akibangua korosho, na vidole vyake navikumbuka: vyeusi kwenye ncha, ngozi ikimenyeka vipande. Mafuta ya ganda la korosho na utomvu wa urushi ni kemikali za ukoo mmoja. Wajapani wameyatumia hayo mafuta kutengeneza rangi wanayoiita kashu, ambayo haihitaji kabati la unyevu, nao huipaka vyombo vya bei nafuu. Sisi wenye mikorosho tunasafirisha nyingi zikiwa ghafi, ganda likiwa juu yake. Jambo hilo linaniuma.

Mteja wangu mmoja Mjapani, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia bakuli la Wajima, mji ulioko rasi ya Noto. Kitako chake kimebanduka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na mimi nilifurahia lile pengo kuliko mng'ao, kwa sababu linaonyesha tumbo la kazi. Juu kabisa kuna weusi mwembamba. Chini yake tabaka nene la rangi ya udongo, kisha nyuzi za kitambaa, ndipo mti. Ukingo na kitako, mahali chombo kinapogongwa zaidi, huvishwa kitambaa kwa gundi ya urushi na uji wa mchele. Juu ya kitambaa hupakwa urushi iliyochanganywa na unga wa udongo wa kilima cha hukohuko Wajima, uliochomwa na kusagwa, kwanza wa chenga, kisha laini, kisha laini zaidi, na kila mkono husuguliwa. Hatua zote hupita 100. Mkono wa mwisho hupigwa kwa brashi ya nywele za binadamu, na chembe ya vumbi ikitua huchukuliwa kwa ncha ya unyoya. Halafu chombo hugeuzwageuzwa ndani ya kabati ili rangi isichuruzike.

Wengi husifu mapambo ya dhahabu juu ya urushi. Ufundi wake ni wa kweli: fundi huchora kwa urushi mbichi, kisha hunyunyiza unga wa dhahabu kutoka kwenye kijibomba huku akikigonga kwa kidole. Matsuda Gonroku, aliyefariki mwaka 1986, alikuwa bingwa wake. Lakini nikiambiwa nichague, nachukua bakuli jeusi tupu, maana halina pa kuficha kosa.

Zamani wachuuzi wa Wajima walizunguka Japani nzima wakichukua oda, na wanakijiji walilipia seti za mabakuli kwa upatu.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ukubwa wa 7.6 liliipiga Noto. Moto uliteketeza mtaa wa soko la asubuhi la Wajima, pamoja na maduka na karakana za urushi, na Septemba mwaka huohuo yakaja mafuriko. Pigo lilizidi kwa sababu kazi imegawanywa: mkereza mbao, mpakaji udongo, mpakaji rangi ya juu, msuguaji, mchora dhahabu, kila mmoja kwake. Mmoja akihama, bakuli linakwamia kwa aliyemtangulia. Karakana za muda zilijengwa na mafundi wakarudi kazini. Anayeagiza bakuli la Wajima ataambiwa asubiri miezi mingi. Ningekuwa karibu naye, ningemwambia atoe kianzio leo.