Picha za Simu na Njia za Miguu Luzira

Mwezi Aprili, 2023, Kampala ilipata maonyesho yasiyo na ukumbi wala kiingilio. Mchora katuni na mwalimu wa chuo kikuu, Jimmy Spire Ssentongo, aliwaalika wananchi kupiga picha mashimo ya barabarani na kuyaanika katika mtandao wa Twitter, ambao sasa huitwa X. Picha zilimiminika, na haukupita muda mrefu Rais Museveni akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kwa Mamlaka ya Jiji ili barabara zitengenezwe.

Lakini, askari wenzetu, maonyesho yale yalihusu zaidi shida ya magurudumu. Mwenda kwa miguu ana adui wengine: mtaro usiofunikwa, kibanda kilichosimamishwa juu ya njia yake, bodaboda inayopanda ukingoni kukwepa msongamano. Kwa hesabu za Polisi, watu 4,806 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uganda mwaka 2023, na takribani theluthi moja yao walikuwa wakienda kwa miguu.

Tuitazame Luzira. Barabara ya Port Bell inateremka hadi gatini, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Malori ya bandari na ya kiwanda cha bia huipita pamoja na watoto wa shule, wachuuzi, jamaa waendao kuwatazama wafungwa, na askari magereza waingiao zamu alfajiri. Mvua ikinyesha, maji huficha mtaro, na buti halimwokoi aliyekanyaga pasipo na kitu.

Kila aliyekwenda doria anajua kuwa taarifa isiyotaja mahali na saa haimsaidii kamanda. Ndivyo ilivyo picha. Itaje upande wa barabara, na duka au kituo kilicho karibu. Picha za namna hiyo zikiwekwa juu ya ramani, mahali panapotajwa mara kwa mara hujitokeza penyewe.

Hata hivyo, kimya cha ramani kisitudanganye. Kipofu hapigi picha, wala bibi asiye na simu ya kisasa, na pengine hao ndio waumiao zaidi. Pasipo na picha, atumwe mtu akapatembee.

Tena, mwananchi apigaye picha mtaro si jasusi. Kweli, lango la gereza na kambi si vitu vya kupigiwa picha. Askari wa zamu amwombe kwa adabu aelekeze kamera chini, mtaroni, kisha amwache amalize kazi yake.