Gari Linapokataa Kuvuta

Dereva anapokanyaga mafuta hutazamia gari liitike. Lisipoitika, au likiitika kwa kusitasita kama punda aliyeelemewa na mzigo, jambo la kwanza linalomjia mwenye gari ni gharama za fundi. Hata hivyo lipo jambo zito kuliko gharama. Fikiria, ndugu msomaji, baba aliyepakia mke na watoto katika barabara ya Chalinze kwenda Morogoro, yu nyuma ya lori refu lenye shehena. Anaona nafasi, anatoka ili alipite, na alipofika ubavuni mwa lori injini inaishiwa pumzi, huku basi linamjia mbele. Kwa hiyo, hata kabla ya kufunua boneti, gari lenye ugonjwa huu lisipite gari lingine katika barabara kuu mpaka litakapopona.

Ugonjwa wenyewe hauna sababu moja, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Jirani yangu mmoja, mwalimu, alibadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na hatimaye akashauriwa anunue giaboksi iliyokwisha kutumika. Kila kifaa kilifungwa kwa kubahatisha, na gari likabaki zito vilevile. Fundi wa nne hakununua chochote. Alisikiliza injini, akaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi pasipo kuligusa, akaona moshi unatoka kinyonge hata injini ilipovumishwa. Kichujio cha moshi, kile ambacho mafundi hukiita katalisti, kilikuwa kimeziba. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine.

Busara ya fundi yule ilikuwa kuuliza kabla ya kufungua. Swali la kwanza ni hili: unapokanyaga mafuta, je, injini inanguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki? Ikiwa ndivyo, injini haina kosa. Nguvu zinapotea njiani, katika klachi iliyolika au katika giaboksi ya otomatiki yenye oili pungufu au iliyoungua. Swali la pili: je, gari linaachia vizuri? Tafuta mahali tambarare pasipo na magari, ondoa gia, uliache litiririke. Likisimama upesi, shuka ukaribishe mkono katika kila gurudumu. Lile lenye joto kupita mengine limeshikwa na breki. Tairi zenye upepo mdogo nazo hulifanya gari zito, na dawa yake ni rahisi kupita zote.

Injini yenyewe ikiwa ndiyo inayokataa, kumbuka kwamba inahitaji hewa, petroli na cheche, pamoja na njia ya kutolea moshi. Kwa kila kilo 1 ya petroli injini huhitaji karibu kilo 15 za hewa, na kwa hiyo filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara zetu si jambo dogo. Itoe, uitazame kwenye mwanga. Katika magari ya sasa ipo pia sensa ya kupimia hewa, karibu na filta hiyo. Ndani yake mna uzi mwembamba sana ambao ukishika uchafu huidanganya kompyuta ya gari, nayo hutoa petroli isiyolingana na hewa. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Kitambaa na kidole visiuguse kabisa.

Upungufu wa petroli una dalili yake. Gari huondoka vizuri, huenda vizuri mjini, lakini likikutana na mlima, kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, hulegea kadiri unavyozidi kukanyaga. Hapo shuku filta ya mafuta au pampu, na umtake fundi apime shinikizo la mafuta kwa geji kabla hajakuuzia pampu. Petroli yenyewe nayo huweza kuwa na kasoro. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kupoteza nguvu. Uchakachuaji huo ulikithiri hata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011.

Cheche zikikosekana, injini hutetemeka na gari hushtukashtuka; mafundi husema gari lina misi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe kwa muda mrefu, maana petroli isiyoungua huingia katika katalisti, ikawaka humo na kuiharibu. Mara nyingi aliyepuuza plagi leo hununua katalisti kesho.

Taa ya injini ikiwaka katika dashibodi, mashine ya kupimia husoma namba. P0301, kwa mfano, ina maana silinda ya kwanza haichomi sawasawa. P0171 ina maana hewa imezidi petroli. Lakini namba huonyesha mahali panapouma, haitaji kilichouma. P0171 yaweza kutokana na mpira wa hewa uliopasuka, wa bei ndogo tu. Fundi anayesoma namba na papo hapo kukutuma dukani, mwulize amejuaje.

Tena uko uzito usio ugonjwa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Njombe hupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 2,000, ambako hewa imepungua uzito kwa kiasi cha asilimia 18. Injini isiyosaidiwa na tabo ya kusukumia hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Dereva huyo hana haja ya fundi. Ashuke gia moja, azime kipoza hewa akipanda mlima, aendelee na safari yake.