Utando Mwangavu: Ngao ya Rangi ya Gari la Spoti

Kila mzazi ajuaye thamani ya fedha, mwaka wa shule uanzapo, huyavika madaftari ya watoto wake majalada ya nailoni kabla hayajatiwa mkobani. Hafanyi hivyo ili daftari lipendeze tu. Anataka kinachochakaa kiwe jalada, lililo rahisi kubadilishwa, wala si kurasa zilizoandikwa masomo. Hekima hiyo hiyo ndiyo iliyo katika utando mwangavu wa kulindia rangi, ambao siku hizi hubandikwa juu ya magari ya spoti na, kidogo kidogo, juu ya magari ya kawaida pia.

Katika makala hii tutaeleza utando huo ulikotoka, kazi ufanyayo na jinsi unavyobandikwa. Kisha tutaeleza jambo lililo kubwa zaidi kwa mwenye familia, yaani ni wakati gani fedha inayotolewa kwa ajili yake huwa imetumika vema, na ni wakati gani huwa imetupwa.

Asili yake ni jeshini

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakadhani kwamba jambo hili ni anasa ya matajiri peke yao. Ukweli ni kwamba utando huu ulianzia kwa askari. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, helikopta za jeshi la Marekani zilikuwa zikiruka chini na kutua mahali penye vumbi, mchanga na kokoto. Mapanga ya helikopta huzunguka kwa kasi kubwa mno, na chembe za mchanga zilikuwa zikiila mikali yake ya mbele kama msasa ulavyo ubao. Kampuni ya 3M ya Marekani ikatengeneza ukanda wa plastiki iitwayo poliyuretheni, ambao ulibandikwa juu ya mikali hiyo ili uharibike wenyewe kwa niaba ya panga.

Msomaji aweza kuuliza: yawezekanaje plastiki laini iwe kinga ya chuma kigumu? Jibu lake ni rahisi. Jiwe ligongapo kitu kigumu kisichonepa, nguvu yake yote humalizikia mahali padogo, na hapo ndipo panapobanduka. Lakini ligongapo utando unaonepa, utando hubonyea, huitawanya nguvu ile, kisha hurudi ulivyokuwa.

Baadaye, katika miaka ya 1980, utando huo ulianza kutumiwa katika magari ya mashindano, na kutoka huko ukawafikia wenye magari ya spoti. Tando za kwanza zilikuwa na dosari: zilikuwa ngumu kunyoosha, na baada ya kupigwa jua muda mrefu ziligeuka kuwa na rangi ya manjano. Zilizo bora za siku hizi hutengenezwa kwa poliyuretheni ya thamoplastiki, nazo hutiwa kinga ya kupunguza madhara ya jua.

Kwa nini gari la spoti huumia zaidi

Gari la spoti ni gari la chini, lenye injini ya nguvu na matairi mapana. Sifa hizo tatu ndizo zinazoifanya rangi yake iumie upesi. Kwa kuwa ni la chini, pua yake hukaribiana na barabara. Kwa kuwa matairi yake ni mapana na yenye mpira laini, huokota kokoto na kuzirusha ubavuni. Na kwa kuwa lina kasi, kila jiwe hugonga kwa nguvu zaidi. Ifahamike kwamba kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Hivyo jiwe likutwalo na gari katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile likutwalo katika mwendo wa kilomita 50.

Mfano mzuri ni Porsche 911 Turbo, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1974. Gari hilo lina madigadi ya nyuma yaliyotokeza nje kama nyonga pana, na mawe yarushwayo na matairi ya mbele huyapiga moja kwa moja. Watengenezaji wake walilitambua jambo hilo, wakabandika kipande cheusi cha kinga mbele ya matairi ya nyuma. Katika miaka iliyofuata kinga hiyo ikawa angavu, hata mtazamaji asiijue ipo.

Nasi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa nguvu ya mawe. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yamekuwa mtihani wa magari ya dunia nzima. Mwaka 1978 Porsche 911 zililetwa zikiwa zimeinuliwa juu na kufungwa kinga nzito chini ya tumbo, na bado ushindi ulichukuliwa na Peugeot 504. Porsche ya Vic Preston Junior ikawa ya pili. Ikiwa gari lililoandaliwa hivyo hupata taabu, gari la starehe lililokusudiwa kupita juu ya lami tupu litakuwaje litakapokutana na lori lirushalo changarawe?

Rangi ya gari ni ngozi nyembamba

Wengi hudhani rangi ya gari ni kitu kinene. Sivyo. Juu ya bati huwekwa kwanza tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi angavu inayoleta mng'ao. Kwa magari mengi yatokayo kiwandani, tabaka hizo zote pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Basi rangi yote inayokinga bati dhidi ya mvua na kutu ni kiasi cha karatasi moja ya kuandikia, au moja na nusu.

Utando wa kulindia nao huwa na unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi. Kwa hiyo anayeubandika huwa ameongeza juu ya rangi ngozi nyingine iliyo nene sawa na rangi yenyewe au kuizidi. Tando nyingi za siku hizi zina sifa nyingine ya ajabu: mikwaruzo myepesi, kama ile iletwayo na kitambaa chenye vumbi, hujifuta yenyewe zikipata joto la jua au zikimwagiwa maji ya moto. Lakini mkato wa wembe au mchubuko wa kina haujifuti.

Yafaa pia kutofautisha utando huu na dawa ya seramiki ambayo wauzaji wengine huitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Seramiki ni kimiminika kipakwacho na kukauka kikawa tabaka jembamba mno. Husaidia uchafu usigande na maji yateleze, haizuii jiwe.

Kazi ya fundi

Kazi ya kubandika huanza kwa usafi, na hapo ndipo fundi hodari na fundi babaishi hutengana. Gari huoshwa vizuri. Kisha lami, utomvu na vumbi la chuma lililogandamana na rangi huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia na dawa zake. Mwisho gari hufutwa kwa spiriti ili mafuta yote yatoke. Kazi yenyewe hufanywa ndani ya chumba kisicho na vumbi, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki chini ya utando itaonekana kama chunusi siku zote.

Fundi hunyunyiza maji yenye sabuni kidogo juu ya bodi na juu ya upande wa gundi, ili utando uteleze na kusogezwa hadi ukae mahali pake. Kisha husukuma maji nje kwa kipanguo cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni. Penye kona hutumia hewa ya moto kuulainisha, na kingo hukunjwa kuingia ndani ya ukingo wa boneti au mlango ili zisishike vumbi wala kubanduka.

Mwenye gari aulize mapema jinsi utando utakavyokatwa. Mafundi wengine hukata kwa kompyuta vipande vilivyopimwa kwa aina ya gari, kisha huvibandika. Wengine hukatia juu ya gari kwa wembe. Mkono ukiteleza, wembe hukata rangi ile ile iliyokuja kulindwa.

Matunzo yake

Baada ya kubandikwa, gari lisioshwe kwa muda wa wiki moja hivi, gundi ishike. Vijipovu vidogo vya maji vikionekana siku za mwanzo, visitobolewe. Kwa kawaida maji hayo hukauka yenyewe. Baadaye gari lioshwe kwa sabuni ya gari na kitambaa laini, na mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye kingo. Kinyesi cha ndege, utomvu na wadudu waliopondeka viondolewe upesi, kwani huacha madoa hata juu ya utando. Utando mzuri huweza kudumu miaka 5 hadi 10, kisha hubanduliwa polepole kwa joto na kubadilishwa.

Fedha na busara

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito. Utando huu huuzwa kwa marobota, na kipimo cha kawaida ni upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15. Robota kama hilo hutosha takriban gari moja. Kwa hiyo kufunika gari zima ni gharama kubwa sana, na si lazima. Sehemu zinazopigwa na mawe ni chache: bampa ya mbele, boneti, vioo vya pembeni, chini ya milango na mbele ya matairi ya nyuma. Mwenye kulinda hizo tu amekwisha kuzuia sehemu kubwa ya madhara.

Onyo kubwa lawahusu wanunuzi wa magari yaliyotumika, ambayo ndiyo mengi katika nchi zetu. Utando hauponyi, huhifadhi kile ulichokikuta. Ukibandikwa juu ya kutu, kutu itaendelea kula bati chini yake. Ukibandikwa juu ya bodi iliyopakwa rangi upya kwa ubabaishaji, siku ya kuubandua utatoka pamoja na rangi. Kabla ya kutoa fedha, mwombe fundi apime unene wa rangi kwa kipimo chake. Pakizidi sana kiwango cha kiwandani, huenda pamewahi kupakwa rangi tena au kujazwa pati. Hata rangi mpya iliyopakwa vizuri inahitaji muda wa kukauka hadi ndani, mara nyingi siku 30 au zaidi, kabla ya kufunikwa.

Kwa familia yenye gari la kawaida, kipande kidogo cha utando kwenye ukingo wa buti, ambapo magunia na mizigo husugua, na kwenye vikombe vya vishikizo vya milango, ambapo kucha hukwaruza, kitafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Kidonda cha rangi kilichokwisha kutokea kizibwe upesi kwa brashi ndogo na rangi inayolingana, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini kila nyumba ina utaratibu wa matumizi, na utaratibu huo usipinduliwe. Karo ya watoto na chakula hutangulia; kwa upande wa gari, matairi, breki na taa hutangulia. Mwenye kulivika gari lake utando wa thamani huku matairi yamelika hata nyuzi zinaonekana, ameilinda rangi na kuwaacha wasafiri bila kinga. Rangi iliyochubuka hurudishwa na fundi, uhai haurudishwi.